Vitabu vya Kusisimua na Usomaji wa Likizo: Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili na Historia ya Mapendekezo Yake

1.0 Utangulizi

Shule zinapofungwa, mwanafunzi wa sekondari katika Afrika Mashariki mara nyingi huondoka na orodha mbili za vitabu. Orodha ya kwanza huandikwa ubaoni na mwalimu, nayo ina vitabu teule vitakavyotahiniwa. Orodha ya pili haiandikwi popote. Hupita mdomoni, kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake na kutoka kwa rafiki kwenda kwa rafiki, na vitabu vilivyomo vina sifa moja kubwa: msomaji akikianza kimoja hakiweki chini hadi akimalize. Historia ya fasihi ya Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata orodha ya kwanza. Insha hii inafuata ya pili.

Eneo linalochunguzwa ni riwaya ya upelelezi, pamoja na tafsiri za hadithi za visa na mikasa zilizoitangulia, tangu miaka ya 1920 hadi mwisho wa miaka ya 1980. Swali linaloongoza mjadala ni hili: nani alikuwa na mamlaka ya kumpendekezea msomaji wa Kiswahili kitabu cha kusisimua, na kwa vigezo gani? Hoja inayojengwa ni kwamba vigezo hivyo vilibadilika kwa namna ambayo haikutarajiwa. Wakati wa ukoloni, kitabu cha visa na mikasa kilipewa kibali rasmi kilipokuwa tafsiri ya kazi ya Kiingereza. Baada ya uhuru, Mwafrika alipobuni visa na mikasa yake mwenyewe, kazi yake iliwekwa kando kwa jina la riwaya pendwa. Gharama ya uamuzi huo imelipwa na msomaji, na hasa yule ambaye usomaji wake huishia siku ya mtihani.

2.0 Taharuki Kabla ya Riwaya

Taharuki, yaani hali ya msomaji au msikilizaji kubaki roho juu akingojea litakalotokea, haikuletwa katika Kiswahili na kitabu cha kuchapwa. Fanani wa hadithi za jioni aliifahamu vizuri. Mwito wa paukwa na itikio la pakawa ni mapatano ya pande mbili: msikilizaji anaahidi kusikiliza, na fanani anaahidi kutomchosha. Askofu Edward Steere alipokusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, alihifadhi kwa maandishi masimulizi ambayo tayari yalikuwa na majini, safari, werevu wa wanyonge na adhabu zinazochelewa kufika lakini zinazofika.

Hekaya za Alfu Lela Ulela, zilizofahamika pwani kwa njia ya masimulizi kabla ya kutafsiriwa kwa hati za Kirumi, zimejengwa juu ya msingi huohuo. Msimulizi wake hukatiza kisa penye kilele ili apate kuishi siku nyingine. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili hakuwa mgeni wa mbinu. Kilichokuwa kigeni kwake ni kitabu chenyewe, yaani hadithi inayosomwa na mtu mmoja, kimya, kwa wakati wake wa mapumziko.

3.0 Visa vya Kigeni kwa Kibali Rasmi

Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuchapisha jarida la Mambo Leo mwaka 1923 kupitia Idara ya Elimu. Mwaka 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo ilisimamia usanifishaji wa Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamati ilikuwa na uwezo mkubwa juu ya vitabu vya shule, kwa kuwa kitabu kilipaswa kukaguliwa lugha yake ndipo kikubaliwe. Kwa maneno mengine, chombo kilichosanifisha lugha ndicho pia kilichoamua kwa kiasi kikubwa kijana wa Kiafrika asome nini.

Johnson mwenyewe alishiriki kutafsiri. Miongoni mwa kazi zilizomfikia msomaji wa Kiswahili kwa njia hiyo ni Mashimo ya Mfalme Sulemani ya H. Rider Haggard na Kisiwa chenye Hazina ya Robert Louis Stevenson. Hadithi hizi zilikubalika kwa sababu zinazoeleweka. Lugha yake iliweza kurahisishwa na kunyooshwa kwa kufuata usanifu mpya. Matukio yake yalifuatana haraka. Aidha, zilimvuta kijana aendelee kusoma, na kusoma kwingi kulieneza Kiswahili sanifu kuliko kanuni za sarufi zilivyoweza.

Hata hivyo, maudhui ya vitabu hivyo yanahitaji kuangaliwa. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, Waingereza watatu wanaingia bara wakimtafuta mtu aliyepotea na almasi zilizofichwa. Waafrika wa hadithi hiyo ni wapagazi, wapiganaji, wafalme na wachawi, lakini macho yanayotazama ni ya mgeni, na mali ya ardhini inatoka na mgeni. Kijana wa Tabora au Tanga aliyekisoma kitabu hicho alifundishwa mambo mawili kwa pamoja: raha ya taharuki, na nafasi yake mwenyewe pembezoni mwa kisa. Wasimamizi wa elimu hawakuona kasoro hiyo kuwa sababu ya kukiondoa kitabu katika mapendekezo yao. Jambo hili ni la kukumbukwa wakati wa kuzipima hukumu zilizotolewa baadaye dhidi ya waandishi wa Kiafrika.

4.0 Bwana Msa na Mwanzo Mpya

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, yenye makao Nairobi, kwa lengo la kuchapisha vitabu vya wasomaji wa Kiafrika na kuwahimiza waandishi wapya. Mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58 yalishindwa na Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1918 na aliyekuwa mwandishi wa habari na mhariri. Kazi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960. Kwa kauli ya wahakiki wengi, hapo ndipo riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipoanza.

Ni wazi kwamba Abdulla aliwasoma waandishi wa upelelezi wa Kiingereza. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko chake na ana rafiki wa kumsindikiza, Najum, kama alivyo Sherlock Holmes na Watson. Lakini kufanana huko kunakomea katika umbo. Kisa kinaanza na maiti ya Bwana Ali inayokutwa penye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa na ambapo mauaji yangeweza kuachiwa mizimu ibebe lawama. Bwana Msa hawadhihaki wanaoamini. Anauliza maswali, anapima kauli za mashahidi, na hatimaye anaonyesha kwamba mkono uliomwaga damu ni mkono wa binadamu mwenye tamaa na siri za ukoo.

Taharuki hapa imepewa kazi mpya. Msomaji anafundishwa, ukurasa baada ya ukurasa, kutofautisha uvumi na ushahidi. Kazi hiyo inaendelea katika Kisima cha Giningi (1968), ambapo jina Giningi, linalohusishwa na uchawi katika imani za visiwani, linamtia msomaji hofu ambayo akili ya mpelelezi inaikabili. Inaendelea tena katika Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Vilevile lugha ya Abdulla, yenye utani na misemo ya Unguja, ilimpa msomaji sababu ya kukirudia kitabu hata baada ya kumjua muuaji. Kwa jamii iliyokuwa inapita katika siasa kali, mapinduzi ya 1964 na muungano, hadithi inayosisitiza kwamba ukweli hupatikana kwa kuuliza haikuwa burudani tupu.

5.0 Kutoka Shamba hadi Jiji

Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo mwaka 1965. Kwa kitabu hicho upelelezi ulihama kutoka katika mashamba na nasaba za Unguja ukaingia Dar es Salaam. Jina lenyewe linaunganisha mauti na chombo cha mjini. Hofu haitoki tena katika mzimu wa wahenga bali katika waya unaoleta sauti ya mtu asiyeonekana. Sentensi zake ni fupi, mwendo wake ni wa kasi, na msomaji wa mji mpya alijitambua humo.

Katika miaka ya 1970 aliibuka Aristablus Elvis Musiba, muundaji wa mpelelezi Willy Gamba. Katika Kufa na Kupona (1974), nyaraka za siri zinazohusu wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam na msako unampeleka Willy Gamba hadi Nairobi. Ubunifu huo ulisimama juu ya jambo la kweli: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zao katika jiji hilo. Kikosi cha Kisasi na Njama ziliendeleza mapambano ya Willy Gamba dhidi ya maadui wa ukombozi wa bara hili.

Baada yake alikuja Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008. Mpelelezi wake, Joram Kiango, anaonekana katika kazi kadhaa zikiwamo Salamu Toka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu. Katika Dar es Salaam Usiku mwandishi huyo aliyaelekeza macho kwenye baa, vichochoro na vitanda vya jiji, mahali ambapo umaskini na fedha haramu hukutana. Kwa hiyo ndani ya muda usiozidi miaka 30, riwaya ya upelelezi ilikuwa imepita katika hatua tatu: swali la imani na ushahidi, hofu ya jiji jipya, na siasa za ukombozi pamoja na uozo uliofuata uhuru.

6.0 Hukumu ya Wahakiki

Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, viliitaka shule ya Tanzania imwandae raia wa jamii ya kijamaa. Uhakiki wa fasihi uliokua katika miaka ya 1970 ulikubaliana na mwelekeo huo. Fasihi ilionekana kuwa silaha ya mapambano, na kazi ya sanaa ilipimwa kwa mchango wake katika kuamsha fikra za wakulima na wafanyakazi. Hapo ndipo mgawanyo wa riwaya dhati na riwaya pendwa ulipopata nguvu. Riwaya dhati ilihesabiwa kuwa inachimbua matatizo ya jamii. Riwaya pendwa ilihesabiwa kuwa inamsahaulisha msomaji matatizo hayo.

Lawama hizo hazikuwa za bure. Shujaa wa riwaya hizi hushinda peke yake, wakati umma unabaki mtazamaji. Wanawake mara nyingi huingizwa kwa uzuri wa maumbile yao, na huondoka kwa kifo au usaliti. Magari, hoteli na vinywaji huelezwa kwa shauku ambayo mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kuitimiza. Baadhi ya matukio yamefuata kwa karibu mno vielelezo vya James Bond. Mzazi au mwalimu aliyesita kumpa kijana wa miaka 14 baadhi ya kazi za Mtobwa alikuwa na sababu.

Hata hivyo, kosa la uhakiki huo lilikuwa kuihukumu aina nzima kwa dosari za baadhi ya kazi. Willy Gamba anayelinda siri za wapigania uhuru alikuwa karibu zaidi na siasa za nchi yake kuliko alivyokuwa Allan Quatermain. Bado yule wa pili alikuwa amewahi kuingia darasani kwa kibali, na yule wa kwanza akabaki nje, katika begi la safari. Kigezo cha maudhui kingetumika kwa haki, matokeo yangekuwa kinyume.

Mfano wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, unaonyesha jinsi orodha rasmi inavyoweza kuyumba. Kazi hiyo si ya upelelezi, na wahakiki wanaihesabu miongoni mwa riwaya dhati. Ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya namna inavyosimulia mahusiano ya kimapenzi ya msichana aliyelelewa kwa ukali, lakini baadaye ikakubaliwa kuwa kitabu cha kufundishia. Kitabu hakikubadilika. Waliobadilika ni wapendekezaji. Ikiwa hukumu moja iliweza kutenguliwa, hukumu nyingine nazo zinastahili kusikilizwa upya.

7.0 Gharama ya Kutopendekezwa

Suala hili lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya wakati lilipotokea. Mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifungua njia ya elimu ya msingi kwa wote. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wanaojua kusoma na kuandika waliongezeka kutoka karibu theluthi moja mwaka 1967 hadi takribani asilimia 90 katikati ya miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imezalisha wasomaji wapya kwa mamilioni. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani husahau upesi asipopata kitu cha kusoma kwa hiari yake, na mtu mzima hawezi kulazimishwa na mtihani. Huendelea kusoma kwa manufaa au kwa raha. Riwaya ya kusisimua ilikuwa na uwezo wa kumpa hiyo ya pili.

Wakati huohuo mazingira ya uchapishaji yalidhoofika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na East African Literature Bureau haikuweza kuendelea kama ilivyokuwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya karatasi kuwa adimu. Katika hali hiyo, uamuzi wa nini kichapwe ulitegemea soko lenye uhakika, na soko hilo lilikuwa shule. Kitabu kilichokuwamo katika orodha ya mwalimu kilipata nafasi ya kuchapwa tena. Kitabu cha orodha ya mdomoni kilitegemea mfuko wa mnunuzi mmojammoja, na mara nyingi kilipokwisha dukani kilibaki katika nakala chakavu zilizozunguka mikononi hadi jalada likapotea.

Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya riwaya hizi inaongeza sharti juu ya methali hiyo: chema hujiuza kikiwapo sokoni. Usomaji wenye utashi mkubwa kuliko wote ndio uliokosa mlinzi, na pengo kati ya kusoma kwa ajili ya mtihani na kusoma kwa ajili ya maisha likapanuka.

8.0 Mapendekezo ya Usomaji wa Likizo

Mjadala huu hautakuwa na maana ukiishia kwenye lawama. Kwa msomaji wa likizo, kazi zifuatazo zinafaa kuanza nazo, kwa utaratibu unaozingatia umri na uzoefu.

Kwa kijana anayeanza, Siku Njema ya Ken Walibora (1996) ina safari na utafutaji unaomvuta msomaji bila kumwaga damu: Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kumtafuta baba yake, na kila anapofika panaibua swali jipya. Kitabu hiki kinathibitisha pia kwamba kazi inaweza kuingia katika orodha ya shule bila kupoteza utamu wake.

Kwa msomaji anayependa fumbo, Mzimu wa Watu wa Kale kifuatwe na Kisima cha Giningi. Inafaa kusoma huku orodha ya washukiwa ikiandikwa pembeni, kwa kuwa Abdulla humpa msomaji dalili za kutosha kushindana na Bwana Msa.

Kwa msomaji wa safari ndefu, awe ndani ya basi au treni, Simu ya Kifo na Kufa na Kupona zinatosha kufupisha njia. Kufa na Kupona kisomwe pamoja na historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, ili kijana aliyezaliwa baada ya 1994 aelewe kwa nini nyaraka chache zilistahili kufiwa.

Kwa mtu mzima, Dar es Salaam Usiku kinafaa, pamoja na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Riwaya hii ya pili haimo katika kundi la upelelezi, lakini mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya ukoloni, yakifuatwa na polisi hatua kwa hatua, yana taharuki inayoweza kushindana na kazi yoyote iliyotajwa hapa. Filamu iliyotokana nayo mwaka 2021 imeongeza sababu ya kukirudia kitabu.

Kwa shule na maktaba, pendekezo ni kwamba orodha ya likizo iandaliwe kando ya orodha ya mtihani, na isiambatane na maswali ya kujibu. Kwa wachapishaji, kazi za Abdulla, Katalambulla na Musiba zinastahili kupatikana wakati wote, zikiwa na utangulizi mfupi wa kihistoria. Kwa watafiti, kumbukumbu za wasomaji wa miaka ya 1960 hadi 1980 zikusanywe mapema, kwa sababu orodha ya mdomoni hufa na wenye vinywa.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kitabu cha kusisimua hakijawahi kukosa msomaji katika Kiswahili. Kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kukipendekeza. Kamati ya kikoloni iliipokea taharuki ilipokuja na mashujaa wa Kiingereza. Mashindano ya 1957/58 yaliifungulia mlango taharuki ya Kiafrika. Uhakiki wa baada ya uhuru, kwa nia njema ya kuijenga jamii, uliufunga mlango huo nusu, na uchumi wa miaka ya 1980 ukamalizia nusu iliyobaki. Hata hivyo, Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango waliendelea kusafiri katika mabegi ya wanafunzi waliokuwa wakirudi makwao. Taasisi zinazolalamikia kufifia kwa utamaduni wa kusoma zinaweza kuanzia hapo: kuichukua orodha ya pili, kuiandika, na kuiweka mezani pamoja na ile ya kwanza.